Mke wangu alibanwa klipu kwenye mshipa wa ubongo mwezi wa nane, mbona bado hajarudi kuwa yule? Waliopitia njooni

#1 Baba Tatu wa Uyole (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, nivumilieni.

Mke wangu ni fundi cherehani, ana kibanda chake Mwanjelwa, umri miaka 41. Mwezi wa nane mwaka jana, siku ya Jumapili, alikuwa anapiga pasi sare za watoto. Akaiweka pasi chini, akashika kisogo kwa mikono miwili, akasema "nimepigwa". Nikadhani kuna mtu katupa jiwe dirishani. Hazikupita dakika tano anatapika, shingo imekakamaa, mwanga wa taa hautaki. Tulianzia zahanati ya jirani. Wakapima malaria, hakuna. Wakamtundikia dripu, wakamchoma sindano ya maumivu, wakasema ni kipandauso, akalale. Usiku akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Asubuhi ndiyo tukafika hospitali ya rufaa, CT scan ikaonyesha damu imemwagika kuzunguka ubongo. Mshipa ulikuwa umevimba kama kiputo, ukapasuka. Wanaita anurizimu.

Kesho yake ambulensi, Mbeya mpaka Dar, zaidi ya kilomita 800. Njia nzima ninayoikumbuka ni Kitonga, tumesimama nyuma ya malori, nesi kamshika mkono anahesabu mapigo, mimi nahesabu kona. Kule Muhimbili, MOI, taasisi ya mifupa na ubongo, wakapiga picha ya mishipa, wakafungua fuvu, wakakibana kile kiputo kwenye shina lake kwa klipu. Wiki tatu na siku kadhaa wodini, tukarudi nyumbani. Namshukuru Mungu: anatembea, anaongea, anakula, hakupooza upande wowote.

Sasa swali. Imefika miezi saba. Watu wakimwona wanasema amepona kabisa. Mimi ninayeishi naye najua hajarudi. Saa tano asubuhi kachoka kama aliyelima tangu alfajiri. Redio ikiongea na watoto wakiongea, anaziba masikio. Analia ghafla. Wiki iliyopita alishona gauni la mteja wake wa siku nyingi, akaniletea, akasema "hebu angalia hapa kuna nini". Lilikuwa na mikono miwili ya kulia. Alikata mkono wa kulia, akasahau, akakata wa kulia tena, akaushona, akalipiga na pasi. Fundi wa miaka 19! Alikaa na lile gauni mapajani mpaka giza likaingia.

Ndugu zangu wengine wanasema ni uvivu, wengine wanasema katupiwa kitu. Nauliza waliopitia: hii ndiyo kupona kwenyewe, au kuna kitu hakikukaa sawa kule ndani?

#2 Parachichi la Rungwe

Pole sana kaka, na pole kwa shemeji. Alikuwa na presha kabla? Nijuavyo hii kitu ni presha tu. Kama presha bado inapanda, hiyo ndiyo inayomchosha.

#3 Kamwene Kihesa

Kamwene wakuu. Mimi nimepitia, niko Iringa. Wangu ulipasuka 2017 nikiwa na miaka 38, nikatibiwa India. Mimi sikufunguliwa kichwa. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, ukapanda mpaka kichwani, wakajaza kile kiputo kwa nyuzi laini za platini, wanaita koili. Damu ikaganda humo, kiputo kikazibwa.

Mleta uzi, ulichoandika cha saa tano asubuhi kimenirudisha mbali. Mimi ni mwalimu. Nilirudi darasani mwezi wa nne baada ya kupasuka, nikafundisha kipindi kimoja, nikaenda kulala kwenye stoo ya vitabu. Mkuu wa shule alidhani nimelewa. Mwaka wa kwanza wote ulikuwa hivyo. Mwaka wa pili ndiyo nikaanza kujitambua. Miezi saba bado ni mapema sana.

#4 Parachichi la Rungwe

Kwa hiyo kwa nini shemeji walimfungua kichwa wakati njia ya paja ipo? Isije ikawa uchovu wote unatokana na kupasua fuvu.

#5 Nesi Mstaafu

Nimefanya kazi ya unesi miaka 31, mingi yake wodi za Nyanda za Juu Kusini, naomba niweke sawa mambo mawili.

Kwanza, #2, presha ni sababu mojawapo, siyo peke yake. Sigara inachangia sana. Kurithi kupo. Wanawake wanapata zaidi ya wanaume. Wenye figo za vifuko vingi, ugonjwa wa ukoo, nao wako kwenye hatari. Na wapo wasio na lolote kati ya hayo. Inakadiriwa watu wazima watatu katika kila 100 wana kiputo kama hicho kichwani, na wengi wao watazeeka nacho bila kupasuka na bila kujua.

Pili, klipu au koili haichaguliwi kama kitambaa dukani. Inategemea kiputo kiko wapi, shina lake ni jembamba au pana, mgonjwa ana hali gani, na vifaa na mikono iliyopo siku hiyo. Kuna utafiti mkubwa uliotoka 2002, wagonjwa 2,143 waliopasuka, ukalinganisha njia zote mbili. Baada ya mwaka mmoja wa koili walikuwa na nafuu zaidi: waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 23.7, wa klipu 30.6. Lakini wa koili ndio waliorudishwa kutibiwa tena mara nyingi zaidi. Klipu ikikaa vizuri, imekaa.

Lakini mleta uzi, kinachomchosha mkeo kwa kiasi kikubwa ni ile damu. Damu ikimwagika juu ya ubongo inauchoma, iwe ulifunguliwa fuvu au hukufunguliwa. Ndiyo maana #3 wa koili na mkeo wa klipu mnasimulia kitu kimoja.

#6 Msafiri wa Songwe

Jamani na mimi nichangie, ingawa mtanisema. Kwetu mtu akipigwa kisogoni na asiyeonekana, tena Jumapili, hatuanzi na CT scan. Mleta uzi mwenyewe kaandika mke alisema "nimepigwa". Hilo neno lisipite hivi hivi.

#7 Kamwene Kihesa

Msafiri, mimi yangu niliielezea kwa maneno hayo hayo, nimepigwa na mchi. Ukisoma kokote duniani waliopasuka wanasema hivyo: kichwa kibaya kuliko vyote maishani, kinafika kilele papo hapo. Hayo ndiyo maelezo daktari anayoyatafuta. Zahanati ile ingeyasikiliza, shemeji asingelala nyumbani usiku ule.

#8 Msafiri wa Songwe

Sijakataa hospitali. Nimesema zote mbili ziende pamoja. Waliomwombea wakati yuko ICU walikosea?

#9 Baba Tatu wa Uyole (mleta uzi)

Msafiri, hawakukosea, tena niliwategemea. Ila sitaki mama watoto wangu apelekwe kuchanjwa kichwa chenye mshono. Hilo tulimalize hapo.

Nesi, asante. Presha hakuwa nayo, sigara hajawahi. Dada yake anaumwa kichwa mara kwa mara, nitaliuliza baadaye. Wodini walimpa vidonge vya nimodipini, viwili kila baada ya saa nne, usiku na mchana, siku 21. Usiku nilikuwa naamka kwa kengele ya simu hata alipokuwa na nesi wake, nisipitiwe na usingizi. Mmoja wa wauguzi alisema ni ya presha. Kama hana presha alipewa ya nini?

#10 Nesi Mstaafu

Ni ya familia ya dawa za presha, lakini pale haikuwa kwa ajili ya presha. Baada ya kupasuka, kuanzia kama siku ya tatu mpaka ya kumi na nne, mishipa ya ubongo inaweza kujibana yenyewe kwa sababu ya ile damu. Ikijibana, sehemu ya ubongo inakosa damu, mtu anapata kiharusi baada ya upasuaji uliokwenda vizuri kabisa. Nimodipini inapunguza madhara hayo. Ndiyo maana hata mgonjwa mwenye nafuu hawamwachii haraka.

Hapo pana swali la kumuuliza daktari wenu: je, kuna eneo dogo lililokosa damu siku zile? Picha itaonyesha. Gauni la mikono miwili ya kulia linaweza kuwa uchovu, linaweza pia kuwa hilo.

#11 Mkulima Makambako

Poleni sana familia. Mimi nakuja na dawa. Kaka yangu baada ya upasuaji wa kichwa (wake ilikuwa ajali ya bodaboda) walimpa dawa ya kuzuia degedege. Akawa mkali, anagombana mpaka na kuku. Tulidhani ubongo umeharibika. Daktari akabadilisha dawa, ndani ya mwezi akarudi. Shemeji bado anakunywa kitu?

#12 Baba Tatu wa Uyole (mleta uzi)

Anakunywa levetirasetamu asubuhi na jioni. Hakuwahi kupata degedege hata mara moja, walimpa kama kinga. Hakuna aliyetuambia lini aache.

#13 Mkulima Makambako

Ndiyo hiyo hiyo ya kaka yangu! Asiache ghafla lakini, muulizeni daktari. Mimi naweka kura yangu kwenye dawa.

#14 Binamu wa Kyela

Mbona hakuna anayeisema baridi? Uyole mwezi wa sita na wa saba maji ya kunawa yanauma mifupa. Baridi inabana mishipa. Mleteni shemeji Kyela apumzike miezi miwili, ale mchele na samaki wa ziwani, mtaniambia.

#15 Parachichi la Rungwe

Binamu, wewe kila ugonjwa dawa yake ni Kyela. Juzi kwenye uzi wa mgongo ulisema hivyo hivyo. Atatoka na ubongo aende kukutana na malaria.

#16 Binamu wa Kyela

Chandarua kipo, na mchele upo. Karibu na wewe.

#17 Daktari Mwanafunzi

Naongeza sababu mbili ambazo hazijatajwa.

Moja ni maji ya ubongo. Baada ya damu kumwagika, njia za kufyonza maji yale zinaweza kuziba, na wakati mwingine inajitokeza taratibu, wiki au miezi baadaye. Dalili: anatembea kama nyayo zimegandishwa chini, anasahau, mkojo unamtoka kabla hajafika chooni. Dawa yake ni mrija wa kupeleka maji tumboni, na mtu anaweza kubadilika sana. Mleta uzi, angalia mwendo wake.

Pili ni tezi iliyo chini ya ubongo inayoendesha homoni. Baadhi ya waliopasuka inalegea. Uchovu, kusikia baridi kuliko wengine, hedhi kubadilika. Ni vipimo vya damu.

#18 Nesi Mstaafu

Mwanangu umesema vyema. Mimi nilikuwa nimesahau la tezi. Ila la maji sidhani kwa huyu, fundi anayerudi kukaa kwenye cherehani na kukanyaga kwa miguu miwili angeshindwa mapema.

#19 Daktari Mwanafunzi

Shikamoo mama. Kwa heshima, mwanzoni mwendo unaweza kuwa wa kawaida kabisa. Bora picha irudiwe kuliko kukisia.

#20 Kijana wa Sokomatola

Picha gani tena? Mtu ana chuma kichwani haruhusiwi MRI, ile mashine ya picha yenye sumaku, inakivuta kile chuma. Na ndege pia hatakiwi kupanda.

#21 Kamwene Kihesa

Kijana, hilo la kuvutwa lilikuwa kweli kwa baadhi ya klipu za zamani. Klipu za siku hizi nyingi ni za titani, zinaingia MRI kwa masharti yanayojulikana. Muhimu ni kadi inayoandika aina ya klipu. Mleta uzi mnayo hiyo kadi? Kama hamna, ombeni hospitali, ikae kwenye pochi yake siku zote. Ndege mimi nilipanda kurudi nyumbani.

#22 Kijana wa Sokomatola

Sawa mkuu, nimejifunza. Lakini kupona kabisa kunawezekana. Biden aliwekewa koili 1988 akaja kuwa rais wa Marekani.

#23 Daktari Mwanafunzi

Koili 1988 hazikuwepo, zilianza kutumika kwa wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 90. Biden alifunguliwa fuvu, tena mara mbili mwaka huo, maana alikuwa na viputo viwili. Klipu ni ya zamani zaidi, daktari Walter Dandy aliweka ya kwanza kule Baltimore 1937. Mwingine ni Emilia Clarke, mwigizaji wa Uingereza: cha kwanza kilipasuka 2011 akawekewa koili, cha pili akatibiwa 2013. Mwenyewe amesimulia kwamba kuna siku wodini hakuweza kutaja jina lake.

#24 Parachichi la Rungwe

Hao siyo kipimo jamani. Biden hakusafirishwa na ambulensi kupitia Kitonga, wala hakurudi nyumbani kukuta foleni ya sare za shule za kushona.

#25 Mama Wawili Njombe

Nimesoma kimya toka mwanzo. Mume wangu alipasuka, akafika hospitali akiwa hai, akafariki siku ya pili kwa kupasuka tena kabla hajafanyiwa chochote. Ni miaka minne sasa. Mleta uzi, mkumbatie mkeo na mikono yake miwili ya kulia.

Ila na mimi niulize kitu kimoja. Nyote mnamjadili. Kuna aliyemuuliza yeye mwenyewe?

#26 Baba Tatu wa Uyole (mleta uzi)

Mama, pole sana. Sikuwa na la kukujibu, nikafunga simu. Usiku nimemsomea uzi wote toka juu. Amesikiliza kafumba macho. Amesema anataka kuandika, ameandika kidogo kidogo kwa siku mbili. Nimeweka kama alivyoandika.

"Mimi ndiye mwenye kichwa. Nawashukuru wote, na yule dada wa Njombe Mungu akushike.

Kusahau kunaniudhi lakini nimekutafutia njia. Zamani kitambaa nilikuwa nakata kwa macho tu. Sasa kila kipande naandika kwa chaki, LIA au SHOTO, kabla sijashika mkasi. Gauni moja linanichukua siku tatu.

Kinachoniumiza ni kuambiwa nimepona. Nikisema nimechoka wananijibu mshukuru Mungu, wenzako walikufa. Najua walikufa. Kitanda cha pembeni yangu kilibaki kitupu asubuhi moja na nesi akavuta pazia nisione. Nashukuru kila siku, na bado nimechoka, vyote viwili viko ndani yangu.

Nina maswali yangu ambayo hata baba watoto sijamwambia. Nikitafuna mahindi ya kuchoma taya linavuta upande wa mshono. Nikigeuka kitandani nasikia kitu kinagonga ndani ya fuvu, tik, tik. Ngozi juu ya sikio nikichana nywele haisikii. Na kila kichwa kikiuma kidogo, hata cha njaa, nakaa chini nangoja nipigwe tena. Naogopa kuiwasha pasi."

#27 Kamwene Kihesa

Shemeji. Kungoja kupigwa tena, hapo umenikuta. Mimi nililala na taa inawaka karibu mwaka mzima.

#28 Nesi Mstaafu

Mwanangu, taya ni kwa sababu msuli wa kutafuna huwa unakatwa na kurudishwa wakati wa kufungua, ufungue na kufunga kinywa taratibu kila siku. Tik tik wengi huisikia mfupa unapoendelea kuunga, mtajie daktari. Ganzi juu ya mshono ni vijishipa vya fahamu vya ngozi, vingine vitarudi, vingine havirudi.

Maumivu madogo madogo yatakuwepo. La kukimbizana nalo hospitali usiku huo huo ni lile la ghafla kama la kwanza, au kutapika na usingizi usioamshika, au homa na mshono kuvimba.

Hofu nayo ni ugonjwa unaotibika. Nimebadilisha mawazo kidogo baada ya kukusoma: sasa naona hofu na huzuni vinakula nguvu zako kuliko nilivyodhani kwenye #5.

#29 Mkulima Makambako

Mimi bado naishikilia dawa. Kulia ghafla na hasira, ndiyo ileile.

#30 Daktari Mwanafunzi

Na mimi picha irudiwe kwanza.

#31 Baba Tatu wa Uyole (mleta uzi)

Wakuu nimeandika maswali yote kwenye daftari: dawa, picha, tezi, eneo lililokosa damu, kadi ya klipu. Kliniki Dar ni Jumanne ijayo, tunaondoka na basi la Jumapili asubuhi.

Lile la dada yake nililoahidi. Ana miaka 36, kichwa kinamuuma kila mwezi, sasa analia kwamba na yeye anacho. Apimwe?

#32 Nesi Mstaafu

Kwa kawaida wanapendekeza kupima ndugu pale ambapo wawili au zaidi wa damu moja wamewahi kupata. Yeye ana ndugu mmoja. Kinachouma kila mwezi mara nyingi ni kipandauso cha hedhi. Apime presha na atulie.

#33 Tandala wa Kitulo

Mama, mimi siungi mkono. Mimi changu kilionekana kwa bahati nikipimwa kitu kingine, milimita 4. Kimeachwa, narudia picha kila baada ya muda, niliacha sigara siku ile ile. Kujua kunaniwezesha kujilinda. Bora ajue.

#34 Mama Wawili Njombe

Na usingizi wako ukoje, Tandala, tangu ujue?

#35 Tandala wa Kitulo

Hapo umenigusa. Siyo mzuri.

#36 Kamwene Kihesa

Mleta uzi, basi lenu likifika Ipogolo nipigie, namba nimekutumia pembeni. Nitasimama upande wa mizani na koti la bluu. Dakika tano tu, nataka nimsalimie shemeji. Na mwambie abebe kofia ya kuziba masikio, Kitonga malori yanapiga honi sana.

#37 Baba Tatu wa Uyole (mleta uzi)

Amekubali. Anauliza koti lako lina mikono ya kulia mingapi. Ni mara ya kwanza tangu mwezi wa nane namsikia akitania.